Msiwauze Kuku wa Mama

Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji, nina deni la kuku 19. Anayenidai ni mama yangu mzazi, na kabla ya kulitaja deni hili hadharani nilimwomba ruhusa. Alinijibu kwa maneno machache, kama ilivyo desturi yake: "Sema, mwanangu. Huenda yuko mwenzangu mahali ambaye kuku wake bado hawajauzwa."

Kwa idhini hiyo, wiki hii nataka tuzungumze juu ya wazazi wetu waliofikia uzee na kushikwa na maradhi makubwa, na juu yetu sisi watoto tunaoishi mijini na kuwaamulia mambo yao. Najua wengi kati yenu mnaye mzazi wa namna hiyo. Ama yuko kijijini, ama amekwisha kuletwa mjini na wakati huu amekaa kwenye kiti sebuleni kwenu.

Kwetu ni Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia. Anayetoka Dar es Salaam hupanda gari hadi Nyamisati, akavuka bahari kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya, kisha akashika barabara ya kaskazini kupitia Kirongwe. Ni nchi ya minazi, mikorosho, mihogo na mpunga. Mama amezaliwa huko, ameolewa huko, amewazika huko wazazi wake na mumewe. Sasa ana umri wa miaka 71. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akiishi na ugonjwa wa kisukari, na baadaye shinikizo la damu likaja kuungana nacho.

Pamoja na maradhi hayo, mama alikuwa na kazi zake. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani ya mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu, na pembeni michungwa miwili na mlonge. Na alikuwa na kuku wa kienyeji ambao kila mmoja alimjua kwa rangi, kwa tabia na kwa ukoo. Kuku hao ndio walionunua dawa zake pale sisi tulipochelewa kutuma fedha, na tulichelewa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwezi Machi mwaka 2023, akiwa bustanini bila viatu, mama alikanyaga kipande cha kifuu cha nazi. Hakusikia maumivu yoyote. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Alitembea na kipande kile tangu asubuhi hadi magharibi, na hakujua lolote mpaka aliponawa miguu wakati wa kutawadha akaona maji yamekuwa mekundu. Kidonda kikakataa kupona. Akapelekwa Kilindoni, kisha Dar es Salaam, na huko madaktari wakamkata kidole kidogo cha mguu ili kuuokoa mguu wenyewe. Waliuokoa, nasi tunawashukuru.

Baada ya hapo sisi watoto wanne tulikaa kikao nyumbani kwangu Mbagala. Tulikubaliana kwa kauli moja kwamba mama hatarudi Kanga. Tulisema amefanya kazi vya kutosha, sasa apumzike. Tulisema atakuwa karibu na hospitali. Yote hayo yalikuwa maneno mazuri. Kikao kilichukua karibu saa mbili, na mama alikuwa chumba cha pili, amelala, mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Mimi ndiye niliyetumwa Kanga kufunga nyumba. Nilikuta kuku 19, majogoo wawili na waliosalia mitetea, wakitunzwa na mama mdogo anayekaa jirani. Asubuhi moja nikawauza wote kwa mfanyabiashara aliyefika na matenga yake kwenye baiskeli. Nikafunga mlango, nikarudi na fedha mfukoni, nikijiona nimefanya jambo la maana.

Nilipomkabidhi mama fedha hizo hakuzihesabu. Aliniuliza swali moja tu: "Na yule kijivu aliyekuwa anaatamia?"

Nilikuwa nimemuuza naye. Mayai 12 nilikuwa nimeyaacha kwenye kiota, yakiwa na vifaranga karibu ya kutoka, maana kuku huatamia siku 21 na mama alikuwa akizihesabu akiwa kitandani hospitalini. Aliweka fedha zile chini ya mto, akageukia ukutani. Hakusema nami kwa siku mbili.

Ndugu msikilizaji, mimi nimesomea uandishi wa habari. Kitu cha kwanza tulichofundishwa darasani ni kuuliza: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewauliza mawaziri, wakulima na wavuvi maswali hayo. Mama yangu sikumuuliza hata moja.

Tena kosa lenyewe halikuwa la adabu tu. Watu wa kaskazini mwa Mafia tunajua kwamba mali ya mwanamke ni yake. Ana minazi yake, ana shamba lake, na mumewe hana haki ya kugusa bila idhini. Pat Caplan, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Uingereza aliyefika kaskazini mwa kisiwa chetu kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na kurudi mara nyingi baadaye, ameandika sana juu ya jambo hilo. Mgeni alifunga safari ya mbali akaliona. Mimi niliyezaliwa humo nikalisahau, kwa kuwa tu mwenye mali alikuwa mgonjwa.

Basi mama akakaa Mbagala. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa kweli hatukumfunga kamba, lakini ilikuwapo. Ua wetu umesakafiwa kwa saruji mwanzo hadi mwisho. Aliamka alfajiri akasali, kisha akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Akitaka kufagia, msichana wa kazi alimpokonya ufagio kwa heshima. Akitaka kuchambua mchele, mke wangu alimwambia, "Mama, pumzika." Televisheni ilikuwa mbele yake tangu asubuhi. Nikirudi jioni nilimkuta hapo hapo nilipomwacha, na neno lake likawa moja: "Leo ni siku gani?"

Baada ya muda majirani wakaanza kulalamika kwamba kunguru wamezidi uani kwetu. Tukagundua kuwa mama alikuwa akibakiza wali kwenye sahani yake, na sote tukitoka kwenda kazini anawarushia kunguru. Tulicheka. Leo nikikumbuka sicheki.

La kushangaza ni kwamba sukari yake haikushuka. Dawa alikuwa akimeza kwa saa, chakula kikipimwa, na bado kila tukienda kliniki namba zilikuwa juu. Siku moja daktari, kijana tu, akaweka kalamu chini akamuuliza, "Bibi, kule kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?" Ndugu zangu, mama yangu ambaye kwa miezi alikuwa hasemi zaidi ya maneno matano, aliongea karibu dakika kumi mfululizo. Alieleza anavyofungulia kuku, anavyochota maji, anavyopalilia, anavyokwenda kutafuta mchwa wa vifaranga, anavyokuna nazi na machicha yake kuwapa mitetea. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akatugeukia sisi. Alitueleza kwamba misuli ikifanya kazi huichukua sukari iliyo katika damu na kuitumia, ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anayekaa tu huweza kushindwa kuidhibiti hata kama anameza dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, akiwemo mzee kwa kadiri ya uwezo wake, apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki. Mama alikuwa akizipata hizo kwa siku mbili bila kujua kwamba ni mazoezi. Tulizifuta tulipomweka kwenye kiti.

Siku hiyo hiyo daktari alitupa na habari nyingine, nayo haikuwa nzuri. Vipimo vilionyesha kwamba figo za mama zimeanza kuchoka. Kisukari na shinikizo la damu vikishirikiana, figo ndizo huumia polepole. Alisema zinaweza kwenda miaka kadhaa zikitunzwa, lakini hazitarudi kuwa kama zamani. Na zikishindwa kabisa, atahitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, maana yake kuishi karibu na hospitali kubwa.

Tulipotoka nje mama alisimama kwenye kivuli cha mwarobaini, akaniambia, "Umesikia mwenyewe. Siku zangu zina hesabu. Sasa nirudishe nikazitumie."

Mwezi Desemba mwaka 2023 nikamrudisha Kanga.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba bustani inaponya kisukari. Haiponyi. Sisemi mzazi mgonjwa asiletwe mjini, maana bila mjini mama angepoteza mguu, na pengine maisha. Wala sisemi mtu aache vidonge vya hospitali kwa kuwa ana mlonge nyuma ya nyumba. Ninachosema ni kwamba tiba ni pamoja na sababu ya mtu kuamka asubuhi, na sababu hiyo mwenye kuijua ni mgonjwa mwenyewe. Tusipomuuliza, tutaitupa pamoja na takataka.

Lakini kumrudisha peke yake hakukutosha. Ilibidi tujifunze upya namna ya kumsaidia afanye kazi zake bila kuumia. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwani huenda yakamfaa mtu.

La kwanza lilikuwa viatu. Daktari alisema mama asiweke mguu ardhini bila kiatu kilichofunika vidole, awe bustanini, awe uani. Tulimnunulia viatu laini vya kamba, namba moja zaidi ili visimbane. Kabla ya kuvaa lazima avikung'ute, kwani asiyesikia maumivu anaweza kushinda na kokoto ndani ya kiatu. Kila jioni mjukuu wake wa darasa la sita anamkagua nyayo kwa tochi, kwa kuwa macho ya mama nayo yamefifia. Mtoto huyo sasa anajiita daktari wa miguu.

La pili lilikuwa bustani yenyewe. Tuliinua matuta kwa kupanga magogo ya minazi na kujaza udongo uliochanganywa na samadi ya kuku iliyokaa mpaka ikaoza, kwa sababu samadi mbichi huunguza miche. Matuta yakiwa juu, mama hahitaji kuinama sana. Anakaa kwenye mbuzi ya zamani ya kukunia nazi, iliyong'olewa meno, akiwa na kijembe kifupi mkononi. Amepanda mchicha, bamia, matango na matembele. Kwa mgonjwa wa kisukari mboga za majani ni rafiki, wakati wali, ugali na mihogo ni vya kupimwa kwa kiasi. Zamani tukimwambia apunguze wali alituona tunamnyima. Sasa sahani yake ina bamia alizozipanda mwenyewe, na wali unakuwa pembeni bila ugomvi mkubwa. Na kwa sababu ya figo, kila badiliko la chakula tunalipitisha kwanza kwa daktari.

La tatu ni saa za kazi. Mgonjwa aliyemeza dawa za kushusha sukari halafu akaingia bustanini na njaa anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyikiwa. Kwa hiyo mama hunywa chai na kula kitu kwanza, na katika mfuko wa kanzu yake ya kazi daima mna sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Jua likipanda, anarudi kivulini.

Sasa nije kwa kuku. Hapo ndipo nilipojaribu kulipa deni langu, nikalipa vibaya.

Mwezi Januari mwaka 2024 nilimpelekea kuku watano niliowanunua njiani. Niliwafungulia uani moja kwa moja, wakachanganyika na wawili aliopewa na mama mdogo. Baada ya siku chache wakaanza kuzubaa, kuharisha kinyesi cha kijani na kupinda shingo. Wiki haikwisha, akabaki mmoja kati ya wote saba. Ulikuwa ugonjwa ambao wengine huuita kideri na wengine mdondo, nao hauna dawa. Ukiingia kwenye kiambo husomba. Mama aliwazika mbali na kisima, wala hakuruhusu hata mmoja aliwe. Kisha akaniambia, "Mgeni hukaribishwa barazani kwanza. Wewe umemwingiza chumbani." Alikuwa na haki. Kuku mgeni hutengwa kama wiki mbili, achunguzwe, ndipo achanganywe na wenyeji.

Kideri hakina dawa, lakini kina kinga. Ipo chanjo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa hapa Tanzania, na sifa yake kubwa ni kwamba inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, hivyo inaweza kufika vijijini kusikokuwa na majokofu, mradi itunzwe mahali pa baridi na giza. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hupewa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimsaidii.

Chupa moja ya chanjo hiyo inatosha kuku wengi kuliko alio nao mtu mmoja, na ikishafunguliwa haikai. Kwa hiyo mama na jirani zake huchanga fedha, na siku ya chanjo wanawake wa kiambo chetu hukusanyika uani kwake tangu asubuhi na matenga yao. Mmoja anashika kuku, mwingine anadondosha, mjukuu anaandika idadi kwenye daftari. Chai inapikwa. Habari za mji mzima zinapita hapo. Kwa mzee mgonjwa, siku hiyo ina faida yake ambayo haimo ndani ya chupa.

Kuku wa kienyeji hana makuu. Mtetea hutaga mayai kati ya 10 na 15 kisha akaatamia, na akitunzwa vizuri huweza kufanya hivyo kama mara tatu kwa mwaka. Tatizo liko kwa vifaranga, kwani wengi hufa kabla ya kufikisha miezi miwili, kwa mwewe, kwa mvua na kwa maradhi. Mama anawafungia vifaranga ndani ya tenga kubwa kwa wiki za mwanzo, anawapa maji safi, pumba, machicha ya nazi na mchwa. Banda limeezekwa makuti na liko juu ya miguu ili hewa ipite. Kusafisha banda si kazi yake tena. Anafanya mjukuu, na wote huosha mikono kwa sabuni, maana mgonjwa wa kisukari si wa kuchezea vijidudu. Mayai huiva kabisa kabla ya kuliwa. Kulala chumba kimoja na kuku tumekataza, isipokuwa usiku mmoja. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia mwezi Mei mwaka 2024, upepo ulichukua paa la banda, na mama alilala na kuku tisa chini ya kitanda. Tulipompigia simu asubuhi kumuuliza hali, alianza kwa kutupa hali ya kuku.

Hapa nataka nigusie jambo linalotuhusu sote kama taifa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya mwezi, ikianza na shilingi 20,000, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Ni jambo la kusifiwa. Mafia ni kisiwa kama Unguja na Pemba, lakini tangu mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890 sisi tulihesabiwa upande wa Bara, na Bara pensheni humfuata aliyeajiriwa akachangia mfuko. Mama yangu hajaajiriwa na mtu. Amelima, amesuka makuti na ukili, amelea watoto wanne na kusomesha mmoja wao hadi akapata stashahada na kuja kuzungumza nanyi leo. Angezaliwa Makunduchi, kila mwezi angekuwa na chochote mkononi. Amezaliwa Kanga, na pensheni yake ni kuku.

Basi mtu anapouza kuku wa mzee wa namna hiyo, ajue anachouza. Mimi nilidhani nauza kitoweo. Nilikuwa nimemfungia mama akaunti yake, nimemfukuza kazi, na nimemnyang'anya la kuzungumza na jirani zake, yote kwa asubuhi moja.

Kwa ninyi mnaoishi na wazazi wenu hapa mjini, msiseme habari hizi ni za shamba. Gunia lililojazwa udongo na samadi, likatobolewa pembeni, linaotesha mchicha na matembele hata kwenye ua wa saruji. Ndoo kuukuu inaotesha nyanya. Kama nafasi na majirani vinaruhusu, mitetea miwili haimshindi mzee. Nami laiti ningewaza hivyo wakati mama akiwarushia wali kunguru.

Na kwa wenye wazazi vijijini, msitume fedha peke yake. Tuma viatu. Tuma chanjo, tuma wavu wa kuzungushia bustani, tuma vijiti vya kupimia sukari, na uhakikishe anaye mtu wa kumkagua miguu. Uliza tarehe ya kliniki na siku ya kuangua vifaranga, na uzikumbuke zote mbili.

Ndugu msikilizaji, labda unataka kujua hali ya mama sasa. Sukari yake inapanda na kushuka, lakini mara nyingi iko karibu na pale daktari anapopataka. Figo zimeendelea kuchoka, polepole. Kila baada ya miezi mitatu anavuka bahari kuja kupimwa, na hukaa siku nne tu, kwa kuwa siku ya tano anaanza kuuliza kivuko kinaondoka saa ngapi. Siku ya mashine inaweza kufika. Mara ya mwisho nilipokuwa Kanga nilijipa moyo nikamuuliza ikifika tutafanya nini. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi yake akipunguza miche ya mchicha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sijui bado. Pengine nitakubali kuja, pengine nitakataa. Lakini safari hii mtakaa kikao mbele yangu."

Nilimwahidi. Nami naahidi tena hapa, mkiwa mashahidi.

Kisha akaniagiza nilete daftari la mjukuu tuangalie hesabu. Kwa mujibu wa daftari hilo, wale waliokufa kwa kideri hawahesabiki, na vifaranga walioanguliwa uani kwake si malipo yangu. Wanaohesabika ni wale niliowapeleka, wakatengwa wiki mbili, wakachanjwa na wakaishi. Hao ni 11.

"Bado wanane," akasema, akaendelea na mchicha wake.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.